Minnesota Wild: Kwa nini klabu ilibanwa na wachezaji ambao haikuwa nao tena?

Tarehe 30 Septemba 2025, klabu ya hoki ya barafuni ya Minnesota Wild nchini Marekani ilimwongezea mshambuliaji wake Mrusi, Kirill Kaprizov, mkataba wa miaka minane wenye thamani ya dola milioni 136. Ni mkataba mkubwa kuliko wowote uliowahi kusainiwa katika ligi ya NHL, ligi kuu ya mchezo huo Amerika Kaskazini.

Ukisikia habari hiyo peke yake utadhani Wild ni klabu isiyojua shida. Lakini msimu mmoja tu kabla, klabu hiyohiyo ilikuwa haina nafasi ya kusajili. Dola milioni 14.7 za nafasi yake ya mishahara zilishikwa na watu wawili ambao hawakuvaa tena jezi yake. Mmoja, Zach Parise, alikuwa amestaafu. Mwingine, Ryan Suter, alikuwa beki wa St. Louis.

Ilikuwaje mchezaji aliyekwishaondoka aendelee kuibana klabu kwa miaka? Na klabu ifanye nini na nyota anayezeeka huku mkataba wake mnono bado una miaka mbele? Hayo ndiyo tunayoeleza katika makala haya. Hoki ya barafuni si mchezo wa wengi kwetu, ingawa Nairobi ina timu yake ya Ice Lions, na Kenya ilipokewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo mwaka 2024. Lakini hesabu yake inaeleweka na yeyote aliyewahi kukopa.

Kikomo cha mishahara ni nini?

Katika soka letu, tajiri wa klabu akiamua kutoa fedha, mchezaji anasajiliwa. Katika NHL haitoshi kuwa na fedha. Tangu msimu wa 2005-06 ligi hiyo ina kikomo cha mishahara: kiasi cha juu ambacho jumla ya mishahara ya kikosi haiwezi kuvuka, klabu iwe tajiri au la. Msimu ule wa kwanza kikomo kilikuwa dola milioni 39. Kwa msimu wa 2025-26 kiliwekwa kuwa dola milioni 95.5.

Kuna jambo moja la kushika hapa, maana ndilo msingi wa yote yanayofuata. Kinachohesabiwa kwenye kikomo si fedha anazopokea mchezaji mwaka huo. Ni wastani wa mkataba mzima, yaani jumla ya fedha ikigawanywa kwa idadi ya miaka. Mchezaji anaweza kulipwa dola milioni 12 mwaka huu, na kwenye kikomo akahesabiwa milioni 7 na nusu.

Julai 4, 2012

Siku hiyo Wild iliwasaini Parise na Suter kwa mpigo. Wote walikuwa na umri wa miaka 27, wote walikuwa wachezaji huru, na klabu nyingi ziliwataka. Parise alikuwa mwana wa nyumbani, mzaliwa wa Minneapolis, ambaye baba yake aliwahi kuichezea timu ya zamani ya jimbo hilo, North Stars. Kila mmoja alipewa miaka 13 na dola milioni 98.

Kwa nini miaka 13, wakati kila mtu anajua kwamba mchezaji wa hoki akifika miaka 40 huwa amekwisha? Tazama malipo yalivyopangwa. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa dola milioni 12 kila mwaka, na wa tatu milioni 11. Kisha milioni 9 kwa miaka mitano. Halafu 8, 6, 2, na miaka miwili ya mwisho milioni moja moja tu. Fedha karibu zote zilikuwa mwanzoni. Ile miaka ya mkiani, yenye mshahara mdogo, iliwekwa ili kushusha wastani. Bila hiyo kila mmoja angehesabiwa zaidi ya dola milioni 9 kwa mwaka. Ikiwemo, alihesabiwa milioni 7.54.

Kwa lugha nyepesi, klabu ilikopa nafasi kutoka miaka ya baadaye ili iitumie mwaka 2012. Haikuwa peke yake, na ligi iliidhinisha mikataba hiyo.

Sheria ikabadilika

Miezi miwili baadaye wamiliki wa klabu walifunga milango katika mzozo na chama cha wachezaji. Mzozo ulipokwisha Januari 2013, makubaliano mapya yalizuia mikataba ya namna hiyo. Mchezaji anayebaki klabuni kwake hakuruhusiwa kupewa zaidi ya miaka minane, na anayehamia kwingine miaka saba. Mshahara nao ulikatazwa kuporomoka kutoka kilele hadi karibu na sifuri.

Hadi hapo hakuna ubaya. Lakini ligi iliongeza kifungu kilichogusa hata mikataba ya zamani. Mchezaji akistaafu kabla mkataba wake haujaisha, tofauti kati ya fedha alizokwishalipwa na kiasi kilichokwishahesabiwa inarudishwa kwenye kikomo cha klabu iliyofaidika. Vancouver ilionja adhabu hiyo. Kipa wake wa zamani, Roberto Luongo, alistaafu mwaka 2019 akiwa Florida, lakini Vancouver iliyompa mkataba ilikatwa zaidi ya dola milioni 3 kila msimu kwa misimu mitatu.

Kwa Minnesota, hatari ilikuwa kubwa zaidi. Kufikia mwaka 2021 Parise na Suter walikuwa wamelipwa dola milioni 88 kila mmoja, wakati kikomoni walikuwa wamehesabiwa karibu milioni 68. Tofauti ni milioni 20 kwa kila mtu, ikisubiri siku mmoja wao atakaposema magoti yamechoka.

Siku ya uamuzi

Wawili hao hawakuwa mzigo tangu mwanzo. Katika misimu tisa waliyokuwa nao, Wild ilikosa hatua ya mtoano mara moja tu. Lakini ilishinda raundi mbili tu za mtoano, mwaka 2014 na 2015, na haikuwahi kuvuka raundi ya pili. Msimu wa 2020-21 Parise alifunga mabao saba katika michezo 45, na mtoano ulipoanza aliwekwa nje ingawa hakuwa majeruhi. Suter bado alikuwa akicheza zaidi ya dakika 20 kila mchezo. Wote walikuwa na miaka 36, na mikataba ilibakiza miaka minne.

Kulikuwa na jambo jingine la haraka. Timu mpya ya Seattle ilikuwa inakaribia kuchagua wachezaji kutoka klabu nyingine, na kila klabu iliruhusiwa kuwalinda wachezaji wachache. Mikataba ya Parise na Suter ilikuwa na kifungu cha kutohamishwa bila ridhaa yao, hivyo klabu ililazimika kuwaweka kwenye orodha hiyo. Kuwalinda wao kulimaanisha kuwaacha wazi vijana wawili.

Julai 13, 2021, meneja mkuu Bill Guerin aliwapigia simu na kuivunja mikataba yote miwili.

Hesabu yenyewe

Kwa sheria za NHL, klabu ikivunja mkataba wa mchezaji mwenye miaka 26 au zaidi, humlipa theluthi mbili ya mshahara uliobaki, ikiutandaza kwa mara mbili ya miaka iliyobaki. Kila mmoja alikuwa anadai dola milioni 10 kwa miaka minne. Theluthi mbili yake ni kama milioni 6.67, na ikigawanywa kwa miaka minane unapata dola 833,333 kwa mwaka.

Ni fedha kidogo kwa klabu ya NHL. Lakini kumbuka, kikomo hakiangalii fedha mkononi. Kinachukua wastani wa zamani wa milioni 7.54 na kutoa tu kile ambacho klabu imeokoa kwenye mshahara wa mwaka husika. Mwaka ambao mshahara ulikuwa milioni 6, akiba ni kubwa. Mwaka ambao mshahara ulikuwa milioni moja, akiba ni dola 166,667 tu. Kwa wote wawili pamoja, makato yalikuwa hivi:

- 2021-22: dola milioni 4.74
- 2022-23: dola milioni 12.74
- 2023-24: dola milioni 14.74
- 2024-25: dola milioni 14.74
- 2025-26 hadi 2028-29: dola milioni 1.67 kila msimu

Msimu wa 2023-24 kikomo kilikuwa dola milioni 83.5. Maana yake, karibu dola 18 katika kila 100 ambazo wapinzani waliweza kuzitumia, Minnesota haikuweza kuzigusa.

Wengi walisema Guerin aliiangamiza klabu. Sisi tunaona hesabu inasema jambo jingine. Kama angewabakiza, wangehesabiwa dola milioni 15.08 kila msimu hadi 2025. Kwa hiyo kuvunja mikataba hakukuongeza deni. Ukijumlisha misimu yote minane, kuliokoa dola milioni 6.67. Mzigo ulikuwepo tangu 2012. Alichobadilisha Guerin ni tarehe ya kuulipa: alipata nafuu ya zaidi ya milioni 10 mwaka wa kwanza, milioni 2.3 mwaka wa pili, kisha karibu hakuna.

Swali halisi basi halikuwa la fedha. Lilikuwa hili: je, viti viwili vya wachezaji wa miaka 37 hadi 40 vina faida kuliko viti viwili vitupu? Guerin alijibu kwamba vitupu ni bora, kwa sababu kijana anaweza kukikalia kimoja, Seattle haitachukua mtu muhimu, na hofu ya mtu kustaafu ghafla inaondoka.

Aliyelipa ni nani?

Wahenga walisema, kukopa harusi kulipa matanga. Mwaka huo wa kwanza wa nafuu ulikuwa mzuri kweli: Wild ilipata pointi 113, rekodi ya klabu. Mshambuliaji wa Uswisi, Kevin Fiala, alimaliza na pointi 85 za mabao na pasi. Alikuwa na miaka 25 na mkataba wake ulikuwa unakwisha.

Lakini makato yalikuwa yanaruka kutoka milioni 4.74 hadi 12.74. Hakukuwa na nafasi ya kumlipa. Juni 2022 Fiala alipelekwa Los Angeles, ambako alipewa dola milioni 7.875 kwa mwaka. Linganisha na makato ya mmoja tu kati ya wale wawili katika misimu miwili iliyofuata: milioni 7.37. Karibu sawasawa.

Mwaka 2023 Wild ilitolewa raundi ya kwanza na Dallas, iliyokuwa na beki aitwaye Ryan Suter. Msimu uliofuata haikufika kabisa kwenye mtoano.

Tuseme ukweli, haikuwa hasara tupu. Kwa Fiala walipata nafasi ya kuchagua chipukizi raundi ya kwanza pamoja na beki kijana wa hukohuko Minnesota, Brock Faber, ambaye leo ni mhimili wa timu. Guerin alijua miaka ya ukame inakuja, akawauza waliokuwa na soko na kujaza vijana wa mishahara midogo.

Njia nyingine zilikuwepo?

Zipo, na kila moja ina bei yake. Klabu inaweza kumhamishia mchezaji kwingine na kubaki na hadi nusu ya mshahara wake. Mchezaji akiwa na jeraha la kudumu, inaweza kutumia unafuu wa majeruhi wa muda mrefu. Chicago ilimpeleka beki wake Brent Seabrook kwa Tampa Bay mwaka 2021, baada ya mwili wake kumkatalia kuendelea.

Au klabu inaweza kulipa nyingine iubebe mzigo. Toronto ilimsaini Patrick Marleau mwaka 2017 akiwa na miaka 37, kwa dola milioni 6.25 kwa msimu. Kwa anayesaini akiwa na miaka 35 au zaidi, kuvunja mkataba hakupunguzi hesabu ya kikomo. Mwaka 2019 Toronto ikaipa Carolina nafasi yake ya raundi ya kwanza ili tu imchukue Marleau. Carolina ilimvunjia mkataba, na nafasi ile ikaitumia kumpata Seth Jarvis, ambaye sasa ni nyota wake. Toronto ilinunua nafuu ya mwaka mmoja kwa mchezaji wa miaka kumi.

Na Kaprizov je?

Mkataba mpya wa Kaprizov unaanza msimu wa 2026-27 akiwa na miaka 29, na utaisha 2034 akiwa na 37. Je, Minnesota imerudia kosa lilelile?

Kuna tofauti mbili. Kwanza, sheria haziruhusu tena mshahara kuporomoka mkiani, kwa hiyo hata mkataba ukivunjwa, hesabu haitageuka mtego kama ule. Pili, kikomo kinapanda: ligi imetangaza dola milioni 104 kwa 2026-27 na milioni 113.5 kwa msimu unaofuata. Milioni 17 za Kaprizov zitakuwa zaidi ya asilimia 16 ya kikomo mwaka wa kwanza, na asilimia 15 mwaka wa pili. Parise na Suter walikuta kinyume: kikomo kilishuka baada ya mzozo wa 2012, na janga la korona likakigandisha kwenye milioni 81.5.

Lakini umri haujabadilishiwa sheria. Kaprizov wa miaka 36 atahesabiwa milioni 17 zilezile, awe anafunga mabao 40 au saba. Kwa maoni yetu, klabu haina budi kujua tangu sasa ni mwaka gani itakaa na mchezaji huyo mezani, kabla hajachoka na wakati bado ana soko. Mwaka 2012 hakuna aliyeliuliza swali hilo, na jibu lake lilipofika mwaka 2022, aliyefungasha mizigo alikuwa kijana wa miaka 25.