Ubishi wa Buyenzi: Gari la Mbio ni Lipi?

Mtu apitaye mtaa wa Buyenzi siku ya Jumamosi, mjini Bujumbura, hakosi kukuta kikundi cha vijana wamelizunguka gari lililofunuliwa boneti. Mafundi wa mtaa huo wanajulikana mji mzima, na lugha ya kazi yao ni Kiswahili. Gari linalotengenezwa aghalabu ni Toyota Corolla ya teksi, lakini mazungumzo si ya Corolla. Mazungumzo ni ya Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution, na ipi kati yao ingeiacha mwenzake nyuma katika kuupanda mlima wa Bugarama. Ubishi huo huweza kuendelea mpaka adhana ya alasiri, ilhali pengine hakuna hata mmoja wa wabishi aliyepata kushika usukani wa mojawapo ya magari hayo.

Ubishi wa namna hii hauna ubaya wowote. Lakini una tabia ya kutoka karakanani ukaingia nyumbani. Tangu Desemba 2007, Burundi ilipopeleka askari wake wa kwanza Somalia chini ya bendera ya Umoja wa Afrika, familia za kambini zilijifunza kungojea posho ya misheni. Posho hiyo imejenga nyumba, imelipa karo za shule, imenunua teksi. Na hapa na pale bwana amerejea na ndoto ya gari la mbio, wakati mama watoto ana hesabu ya mabati na saruji. Madhali fedha ya nyumba nzima imo hatarini, yafaa kujua wapenzi wa magari hayo wanapenda nini hasa ndani yake, na kipi katika hayo kina faida kwa mtu aishiye chini ya milima ya Burundi.

Ubishi wa Subaru na Lancer una wazazi wake. Katika Afrika ya Mashariki, mahakama ya magari ya kasi ilikuwa mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Hayakuwa mashindano ya kuzunguka uwanja wa lami. Njia ilikuwa ya vumbi, mawe na mito iliyofurika, kwa maelfu ya kilomita, nayo ilikimbiwa majira ya Pasaka wakati mvua za masika zinapoanza. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika saba. Mwaka 1968 yakafika saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, gari la familia ambalo hakuna kijana angelibandika picha yake ukutani.

Ilipofika miaka ya sabini, wapenzi wa kasi waligawanyika baina ya Porsche 911 ya Ujerumani na Datsun 240Z ya Japani. Porsche ina injini yake nyuma kabisa, nyuma ya ekseli, yenye silinda sita zilizolala, tatu upande huu na tatu upande ule. Injini hiyo ilipozwa kwa hewa, kwa hiyo haikuwa na rejeta ya kupasuka njiani. Uzito wake wote ulikaa juu ya magurudumu yanayosukuma, na kwa ajili hiyo gari lilishika matope ambapo mengine yaliteleza. Ila uzito huohuo ulikuwa na hila. Dereva akiingia konani kwa kasi, kisha akaogopa na kuondoa mguu ghafula kwenye mafuta, mkia ulitaka kumpita mbele. Wajuzi waliipenda Porsche kwa sababu hiyohiyo: ilimtii aliyeijua na kumwadhibu aliyejifanya anaijua.

Datsun 240Z ilikuwa ya kawaida zaidi. Injini yake ya lita 2.4 ilikaa mbele, silinda sita katika mstari mmoja, nguvu za farasi kama 150, na magurudumu ya nyuma ndiyo yaliyosukuma. Ilipoanza kuuzwa Marekani, bei yake ilikuwa dola kama 3,500, chini sana ya bei ya Porsche. Wenye Porsche waliicheka kuwa ni gari la kuiga. Mwaka 1971 Edgar Herrmann akashinda Safari akiwa na 240Z. Mwaka 1973 akashinda Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye pia katika 240Z. Ushindi huo ulikuwa wa ajabu, maana yeye na Harry Källström, aliyekuwa katika Datsun nyingine, walimaliza na alama zilizo sawa kabisa, na ikabidi kutazamwa ni nani aliyesafiri mbali zaidi kabla ya kutozwa alama ya kwanza. Mehta aliendelea kushinda mara nne mfululizo, 1979 hadi 1982, kila mara akiwa na Datsun, wala hakuna aliyeshinda Safari mara nyingi kuliko yeye.

Na Porsche? Porsche ilishika nafasi ya pili mwaka 1972, nyuma ya Ford Escort ya Hannu Mikkola. Ikashika nafasi ya pili tena mwaka 1974, pale Björn Waldegård alipopitwa na Joginder Singh aliyekuwa katika Mitsubishi Lancer ndogo ya lita 1.6. Mwaka 1978 ikawa ya pili mara ya tatu, nyuma ya Peugeot 504 ya Jean-Pierre Nicolas. Katika enzi hizo zote haikupata kushinda. Na si mara ya kwanza Peugeot kuizuia Porsche mlangoni: gari hilo lilipoonyeshwa mwaka 1963 liliitwa 901, lakini Peugeot ikadai kuwa majina ya tarakimu tatu yenye sifuri katikati ni yake, na Porsche ikalazimika kuandika 911.

Asiye mpenzi wa magari atasema kwamba basi Datsun ni bora, jambo limekwisha. Mpenzi hatakubali, na ana haki ya kutokubali, kwa sababu anapima vitu viwili tofauti. Kimoja ni gari kufika. Kingine ni gari kumfanya dereva ahisi barabara kwa viganja na kwa mgongo, asikie injini inapanda kama pumzi ya mtu anayekimbia, ajue kwamba kosa ni lake na ustadi ni wake. Waldegård alielewa vyote viwili. Alishinda Safari kwa Ford na kwa Toyota, kisha mwaka 2011, akiwa na umri wa miaka 68, akarudi Afrika ya Mashariki katika mashindano ya magari ya zamani na kushinda akiwa na Porsche 911. Mtu hangoji miaka 37 kwa ajili ya gari asilolipenda.

Sasa turejee Buyenzi. Lancer Evolution na Impreza zilitoka zote mwaka 1992, zote kwa ajili ya mashindano ya dunia, na kanuni za mashindano ziliwataka watengenezaji wauze maelfu ya magari ya namna hiyo kwa raia. Ndiyo sababu gari lenye milango minne na kiti cha watoto nyuma likapewa mwendo wa gari la mbio. Zote zilikuwa na injini ya lita 2.0 yenye turbo, yaani feni ndogo iendeshwayo na moshi wa eksozi ili kusukuma hewa ndani ya silinda. Zote zinasukuma kwa magurudumu manne. Na kwa miaka mingi zote ziliandikwa kuwa na nguvu za farasi 280, maana watengenezaji wa Japani walikuwa wamekubaliana kutotangaza zaidi ya hapo, na wakashika mapatano hayo mpaka 2004. Kijana anayebishana kwa tarakimu hiyo basi anabishana kwa tarakimu ya adabu.

Tofauti yenyewe imo ndani. Subaru imelaza silinda zake kama Porsche, mbili huku na mbili kule, na kwa hiyo uzito umekaa chini na gari halilali sana konani. Mngurumo wake wa kukatakata, unaotambulika kutoka mtaa wa pili, hutokana na mabomba ya eksozi yasiyo na urefu sawa. Lancer ina silinda nne zilizosimama, na mwili wa injini ya matoleo tisa ya kwanza ni wa chuma cha kusubu, kizito lakini kigumu. Mafundi wanaopenda kuongeza nguvu huichagua kwa ugumu huo. Tangu toleo la nne, la 1996, Lancer ilianza kupata mtambo nyuma unaoweza kuligawia gurudumu la nje nguvu zaidi, na gari likageuka konani kwa wepesi usiolingana na uzito wake.

Safari haikuamua kati yao. Mwaka 1996 ilishinda Lancer ya Tommi Mäkinen, 1997 Impreza ya Colin McRae, 1998 Mitsubishi ya Richard Burns, 2000 Subaru ya Burns huyohuyo, na 2001 Lancer ya Mäkinen. Subaru ilichukua ubingwa wa dunia wa watengenezaji mara tatu mfululizo, 1995 hadi 1997. Mäkinen alichukua ubingwa wa madereva mara nne mfululizo, 1996 hadi 1999. Vijana wa Buyenzi wanaweza kugawana hizo.

Barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Bugarama, hata hivyo, ina maswali yake. Mji umekaa mita kama 800 juu ya usawa wa bahari, na Bugarama iko juu ya mita 2,200. Kule juu hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Hapo magari haya mawili hung'ara kweli, kwa kuwa turbo hurudisha hewa iliyopungua. Mpenzi akisema Impreza yake hupanda Bugarama kama haipandi, huenda hasemi uongo.

Kupanda, lakini, ni nusu ya safari. Katika kuteremka, breki hugeuza mwendo wote kuwa joto. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka mingi yamekwisha kunywa unyevu, na yakipata joto huchemka, na yakichemka mguu hufika sakafuni bila gari kusimama. Kasi ikizidi mara mbili, joto la kuzuiwa huzidi mara nne. Barabara hiyohiyo ina malori, ina waendesha baiskeli wanaoteremka na mikungu ya ndizi, na wengine wanaopanda wakiwa wameshikilia nyuma ya lori. Tena Burundi huendeshwa upande wa kulia, ilhali Lancer na Impreza nyingi zinazotoka Japani zina usukani kuliani vilevile. Dereva akitaka kulipita lori haoni mbele mpaka gari zima limetoka upande wa pili. Kwa Corolla mtu hungoja, maana anajua gari halina nguvu. Mwenye farasi 280 hujaribu. Polisi wa barabarani wanaweza kueleza yaliyobaki.

Kuna na petroli. Magari haya yalitengenezwa kwa petroli bora ya Japani, ya okteni 100. Yakinyweshwa ya chini, mchanganyiko huwaka kabla ya wakati wake, injini hugonga kama nyundo ndogo, na pistoni hupasuka. Wakazi wa Bujumbura wanaokumbuka foleni za vituo vya mafuta za miaka iliyofuata 2021 hawahitaji kuambiwa maana ya gari lenye kiu.

Kama bwana ameamua, na nyumba imekubali, basi na ajue kwamba Evolution ya mwisho ilitengenezwa 2016 na kwamba Subaru ilitangaza mwaka 2022 kuwa haitatoa STI mpya ya petroli kwa mfuatano ule. Kila inayouzwa imekwisha kupita mikononi mwa mtu, na huyo mtu hakuinunua apeleke watoto shule. Injini iwashwe ikiwa baridi, si baada ya muuzaji kuipasha moto. Moshi wa buluu ni oili inayoungua, na moshi mweupe usiokoma ni gasketi iliyokwisha, ugonjwa ambao Subaru haiepukani nao. Sauti ya kugongagonga chini ya injini ya Subaru ni beringi za kranki, na hapo mtu aondoke asitazame nyuma. Chini ya gari fundi atafute mahali palipochomelewa. Turbo ikiwa imebadilishwa ikawekwa kubwa zaidi, aulizwe aliyeifunga, si aliyeiuza.

Na mama watoto, akiwa amesimama kando na mkoba wa fedha, aulize mafuta ya breki yalibadilishwa lini. Muuzaji akianza kueleza habari za kasi, mabati bado yanauzwa.