Watu wa Lubunga Watarudije Nyumbani?

Mwandishi aliyedai kwamba klabu za Kisangani zitajaa tukileta ma-DJ wa Kinshasa na kubandika mabango katika komine ya Makiso amekosea shabaha. Fedha za kumsafirisha mgeni kwa ndege zinunue mafuta ya jenereta: umeme ukikatika, muziki huzima na watu huondoka. Halafu komine ya Lubunga iko ng'ambo ya mto Kongo. Nani atapanda mtumbwi saa nane za usiku? Wenye klabu, anzeni Jumapili alasiri! Tangazeni katika komine za Mangobo na Kabondo pia, kwa Kiswahili na Kilingala, redioni na kupitia waendesha toleka, yaani teksi za baiskeli, wanaozunguka mitaani kutwa. Mlipeni DJ wa hapa, jina lake liandikwe kubwa. Vipaji vya hapa vipo: mwanamuziki Koffi Olomidé naye alizaliwa katika mji huu, mwaka 1956.