Teke Lililomkosesha Dhahabu

Barazani kwetu mpaka leo twagombana juu ya teke moja. Lilipigwa Tokyo, katika ukumbi wa Nippon Budokan, tarehe 7 Agosti 2021, fainali ya karate ya Olimpiki kwa wanaume wazito. Tareg Hamedi wa Saudi Arabia alikuwa mbele kwa pointi 4 kwa 1, na nchi yake ilikuwa haijapata dhahabu ya Olimpiki hata moja. Akarusha mguu juu. Sajad Ganjzadeh wa Iran akaanguka, fahamu hana, akachukuliwa kwa machela. Waamuzi wakashauriana, kisha wakamtoa Tareg mchezoni kwa kupiga kupita kiasi. Dhahabu ikawa ya yule aliyelala.

"Dhulma!" vijana wasema. Siwalaumu, maana macho yao yamezoea kikiboksi, zile ndondi za mateke. Huko teke kama lile ndilo mtu alilolifanyia mazoezi mwaka mzima: mwamuzi huhesabu, na aliyeanguka asipoinuka, mwenziwe huinuliwa mkono. Wala hakuna kusimama kila pigo likifika. Watu hutwangana, glovu mikononi, mpaka kengele ilie.

Karate ile yataka jambo jingine. Pigo likifika mchezo husimamishwa, hukumu ikatolewa: ngumi pointi 1, teke la mwili 2, teke la kichwani 3. Lakini hilo la kichwani lifike na lisidhuru. Mguu utoke kama risasi, na mwenyewe auzuie. Asiyeweza kuuzuia hakushinda, amekosa.

Nami nasema waamuzi walihukumu sawa, ingawa roho yangu ilikuwa kwa Tareg. Sisi tuliokaa chuoni twajua Mtume (s.a.w.) amekataza kupiga uso. Mchezo unaomwadhibu mwenye kuumiza kichwa una adabu kuliko ule unaomtunza.

Hata hivyo sheria yenyewe ina tundu. Kumwekea kijana pointi 3 kichwani, nazo ndizo nyingi kuliko zote, halafu kumtoa mguu ukizidi kidogo, ni kumtia asali mdomoni na kumwambia asimeze. Hilo wakubwa wa karate walitazame.

Paris 2024 karate haikuwamo, kwa hivyo Tareg hakupata pa kujaribu tena. Mjukuu wangu aliponiuliza ajiunge na mchezo upi, nilimwambia karate. Mamake hataki wowote.