Pochi ya Kitenge na Tepu

Askari aliye lindoni hana ruhusa ya kukimbilia barazani mvua inapoanza kunyesha. Sare hulowa, na vilivyomo mfukoni hulowa pamoja nayo: noti za mshahara, kitambulisho, na risiti ya karo ya watoto. Noti ikilowa huanikwa ikakauka. Lakini risiti iliyoloa ikashikamana haifunguki tena bila kuraruka, na mzazi asiye na risiti hana ushahidi wa kuuonyesha pale mhasibu wa shule atakapodai kwamba karo ya muhula haijalipwa. Pochi nyingi za bei nafuu zinazouzwa barabarani ni za ngozi ya bandia, ambayo huanza kubambuka baada ya miezi michache. Kwa sababu hiyo, pochi ya tepu na kitenge, inayoweza kutengenezwa nyumbani kwa jioni moja, yafaa kujulikana katika kila familia ya askari.

Tepu inayohusika hapa ni ile nene, aghalabu ya rangi ya fedha, ambayo mafundi huzibia mabomba na kufungia vitu vilivyovunjika. Ina tabaka tatu: juu plastiki izuiayo maji, katikati wavu wa nyuzi uipao nguvu, na chini gundi. Wavu huo ndio unaoiwezesha kukatwa kwa mkono katika mstari ulionyooka.

Asili ya tepu hii inawahusu wanajeshi na mama zao. Mwaka 1943, wakati wa Vita Kuu ya Pili, Bibi Vesta Stoudt alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha silaha katika jimbo la Illinois, Marekani, na wanawe wawili walikuwa katika jeshi la majini. Aliona kwamba masanduku ya risasi yalifungwa kwa utepe wa karatasi uliokatika upesi ulipovutwa, na askari aliye vitani angeweza kupoteza uhai akihangaika kulifungua sanduku. Alipendekeza utepe wa kitambaa usioingia maji. Wakubwa wake walilisikia wazo hilo lakini halikutekelezwa, naye akamwandikia Rais Franklin Roosevelt barua ya tarehe 10 Februari, 1943. Rais aliipeleka barua hiyo kwa wakuu wa uzalishaji wa vita, wazo likakubaliwa, na kampuni ya Johnson & Johnson ikapewa kazi ya kuutengeneza utepe huo.

VIFAA. Kwa pochi moja yatakiwa tepu yenye upana wa karibu sentimita 5, urefu wa mita mbili na robo. Kipande cha kitenge cha sentimita 30 kwa 25. Rula, kalamu, mkasi, sindano nene ya mkono na uzi imara. Roli ya mita 10 hutosha pochi nne. Kitenge kipya kifuliwe kwanza, kikauke na kupigwa pasi, kwa maana ule ugumu wa dukani huizuia gundi isishike.

KIWILIWILI. Mshonaji akate vipande vitano vya tepu, kila kimoja sentimita 24. Cha kwanza kilazwe mezani gundi ikiwa juu, na ncha zake zishikwe kwa vijipande vya tepu ili kisijikunje. Cha pili kiwekwe kando yake, nacho gundi juu, kikikalia ukingo wa cha kwanza kwa nusu sentimita. Na kadhalika hadi cha tano. Kisha kitenge cha sentimita 24 kwa 20 kishushwe juu ya gundi polepole kuanzia upande mmoja, huku kiganja kikisukuma hewa itoke. Karatasi hiyo nene ya tepu na kitenge ikatwe hadi ibaki sentimita 22 kwa 18 kamili. Kingo mbili ndefu zifunikwe kwa tepu iliyopasuliwa nusu kwa urefu na kukunjwa juu ya ukingo, ili nyuzi zisichomoke.

MIFUKO YA KADI. Kwa njia hiyo hiyo zitengenezwe karatasi mbili ndogo, kila moja ya vipande viwili vya tepu vya sentimita 11, zikatwe hadi sentimita 9.8 kwa 6. Kitambulisho cha taifa na kadi ya benki vina kipimo kimoja, karibu sentimita 8.6 kwa 5.4, hivyo vitaingia bila kubana. Ukingo wa juu wa kila mfuko ufunikwe kwa tepu.

KUUNGANISHA. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kushona mifuko wakati pochi imekwisha kukunjwa, wakaziba nafasi ya noti. Kiwiliwili kilazwe kikiwa wazi, kitenge juu, na mstari upigwe katikati kwa urefu wake. Mifuko yote miwili iwekwe upande mmoja wa mstari, sentimita moja kutoka mstarini, ikiacha sentimita moja kati yake na milimita 7 kutoka kila ukingo wa pembeni. Ishonwe pande tatu, mdomo wake ukielekea mbali na mstari. Ndipo kiwiliwili kikunjwe mstarini, tepu ikiwa ndani na kitenge nje, na pembe mbili za ubavuni zifungwe kwa tepu na kushonwa kwa mishono midogo. Mwisho pochi ikunjwe katikati na kulazwa usiku kucha chini ya vitu vizito.

Tepu peke yake isitegemewe kufunga mbavu. Gundi yake hulainika kwa joto la mwili na la jua, na pochi isiyoshonwa itaachia baada ya muda mfupi. Sindano ikianza kunata ifutwe kwa kitambaa chenye tone la mafuta ya taa. Gundi ikichuruzika pembeni, poda kidogo ya mtoto huikausha. Ikumbukwe pia kwamba mdomo wa pochi hii uko wazi: itakinga noti dhidi ya mvua na jasho, lakini ikitumbukia mtoni maji yataingia.

Jambo moja ni la lazima katika nyumba za askari. Sare chakavu hata kipande chake kisitumike mahali pa kitenge, ijapokuwa ni kitambaa imara na hakigharimu kitu. Sheria ya Jeshi la UPDF, ya mwaka 2005, inamkataza raia kuwa na mavazi ya jeshi bila idhini. Mke wa askari auzaye pochi za madoadoa sokoni humtia mnunuzi mashakani, na mumewe ataulizwa kitambaa kilitoka wapi. Mabaki ya vitenge hupatikana kwa mafundi cherehani karibu kila mji, na Kampala wengi huyafuata mtaa wa Kiyembe.

Mama apendaye kutengeneza za kuuza afanye hesabu kabla ya kutaja bei. Ikiwa roli ya mita 10 imenunuliwa kwa shilingi 8,000, kila pochi imekula shilingi 2,000 za tepu. Ndipo iongezwe thamani ya kitenge, ya uzi, na ya saa za kazi. Auzaye kwa bei ya vifaa peke yake amefanya kazi bure. Hesabu iandikwe kila jioni, kwani mali bila daftari huisha bila habari.

Na pochi ikiwa tayari, mifuko yake miwili igawiwe kazi siku ile ile: mmoja vitambulisho, mwingine risiti za karo zilizokunjwa, na nafasi kubwa iwe ya noti. Muhula ukiisha, risiti zihamishiwe kwenye faili la nyumbani, nafasi ibaki kwa muhula ujao.