Diski za Arusi Zinakufa Kabatini: Wazazi, Tuzihamishe Mapema



Ndugu wazazi, katika nyumba nyingi za huku kwetu Munkunyu, na vilevile Bwera na Kasese mjini, juu ya kabati la sebuleni kuna mfuko wenye kanda nyeusi za video na diski zilizoandikwa kwa kalamu: Nikahi. Khitma ya watoto. Mazishi ya Babu. Mwenye nyumba akiulizwa husema kumbukumbu zake zimehifadhiwa. Rai yetu ni kwamba nyingi hazijahifadhiwa, zimewekwa tu. Kitu kilichohifadhiwa ni kile ambacho mjukuu ataweza kukifungua.

Wapo masheikh wenye rai mbalimbali juu ya picha, na leo hatuingii katika mjadala huo. Tunasema na familia ambazo tayari zinazo picha hizi na zinazipenda.

Tulikotoka

Kwanza zilikuja kanda za VHS, zilizoanza kuuzwa Japani mwaka 1976. Arusi ikirekodiwa, kanda moja ilizunguka ukoo mzima mpaka picha ikawa na mvua. Kisha zikaja VCD, ambazo zilichukua kama dakika 74 hadi 80 kwa diski, ndiyo maana arusi moja ilikuwa na diski mbili au tatu. Baadaye DVD, yenye nafasi ya gigabaiti 4.7, ikameza arusi nzima ya saa mbili kwa picha safi.

Deki ya kurekodi DVD nyumbani ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 1999, kampuni ya Pioneer ikitangulia. Miaka iliyofuata bei ilishuka, na wenzetu waliokuwa Uarabuni, Uingereza au Kampala wakaja nazo. Ilipendwa kwa sababu ilirahisisha: unaunganisha waya tatu, nyekundu, nyeupe na njano, unabonyeza kitufe, na kanda ya zamani inageuka diski.

Lakini nyuma ya wepesi huo kulikuwa na jambo ambalo wauzaji wengi hawakulieleza. Kampuni hazikukubaliana. Wengine walitoa diski za DVD-R na DVD-RW, wengine DVD+R na DVD+RW, na wengine DVD-RAM. Kwa macho zote ni duara linalong'aa. Kwa deki ni lugha tofauti, na deki ya kawaida ya kuchezea filamu mara nyingi haiisomi DVD-RAM hata kidogo.

Diski isiyofungwa

Jambo linaloumiza familia nyingi zaidi ni hili. Diski iliyorekodiwa katika deki ya nyumbani, kwa kawaida, huhitaji kufungwa mwishoni kwa amri maalumu ya rimoti. Kufunga huko ndiko kunakoandika orodha ya yaliyomo kwa namna ambayo deki nyingine zinaielewa. Diski isiyofungwa huchezeka vizuri katika deki iliyoirekodi, na kwa hiyo mwenye nyumba haoni kasoro. Siku deki hiyo inapoungua au kuuzwa, diski inakuwa bubu. Kila deki nyingine huandika kwamba hakuna diski.

Kwa hiyo tunasema kwa mkazo: kama bado unayo deki ya kurekodi, hata kama haina kazi tena, usiiuze wala usiigawe kabla ya kuzikagua diski zake zote. Zijaribu katika deki nyingine au kompyuta. Isiyosomeka, irudishe katika deki iliyoizaa uifunge. Na kama deki imeshakwenda, usiitupe diski hiyo. Ziko programu za kompyuta zinazoweza kuokoa baadhi ya diski za namna hiyo, japo si zote.

Neno DivX juu ya deki

Wengi wanaikumbuka alama ya DivX iliyobandikwa mbele ya deki. DivX ni namna ya kubana picha ili filamu ndefu iingie katika faili dogo, na ndiyo iliyowezesha diski moja kubeba filamu kadhaa zile za vibanda vya video. Watu wakaamini kwamba deki yenye alama hiyo inasoma kila kitu na kuandika kila kitu. Sivyo. Deki nyingi za kurekodi zilisoma DivX, lakini zenyewe ziliandika kwa muundo wa DVD tu, yaani MPEG-2. Na hata katika kusoma, faili likibanwa kwa mbinu ambazo deki haizijui, unapata sauti bila picha, au picha inayokatika.

Kuna na tofauti ya nchi. Uganda, kama Kenya, Tanzania, Uingereza na nchi za Ghuba, ilitumia mfumo wa PAL. Marekani na Japani zilitumia NTSC. Ndiyo maana kanda ya arusi iliyotumwa na ndugu aliyeko Marekani ilionekana huku bila rangi au ikirukaruka. Kwenye kompyuta tofauti hiyo haina uzito tena. Hii ni sababu moja zaidi ya kuhama.

Kwa nini sasa

Mtu anaweza kuuliza: diski zimekaa miaka kumi na tano, haraka ya nini? Tunajibu kwa mambo matatu.

La kwanza, mashine zinaondoka. Mwezi Julai 2016 kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo. Mwaka 2015 Uganda ilianza kuzima mitambo ya analojia ya televisheni, na deki za kurekodi zilizotegemea antena ya zamani zikakosa cha kunasa. Kompyuta mpya nazo zinatoka bila mahali pa kuingiza diski.

La pili, diski yenyewe inachakaa. Diski ya kuchoma huandikwa juu ya rangi maalumu iliyo ndani yake, na rangi hiyo hudhoofishwa na jua, joto na unyevu. Kabati lililo chini ya bati la joto la mchana wa huku kwetu si mahali pa kuiweka. Karatasi ya gundi iliyobandikwa juu yake nayo huharibu mzunguko wake.

La tatu, sisi watu wa Kasese hatuhitaji kuambiwa kwamba nyumba inaweza kuondoka na vilivyomo. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukarudia mwaka 2014, na Mei 2020 ukaja tena kwa nguvu hata Hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Kabla ya hapo, Novemba 1996, waasi waliposhambulia Mpondwe na Bwera, watu walikimbia na walichoweza kubeba kichwani. Katika hali hizo hakuna anayekumbuka mfuko wa diski. Nakala moja katika nyumba moja ni sawa na kutokuwa nayo.

Na kilichomo ndani ya diski hizo si mchezo. Humo mna sauti ya mama aliyekwisha kufariki. Humo mna mzee akieleza nasaba ya ukoo na nani alimpa nani shamba, mambo ambayo vijana wa leo wanayagombania. Humo mna mtoto wa miaka saba akisoma Juzuu Amma mbele ya watu, na leo ni baba. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni na kuweka mashahidi. Tunajifunza humo kwamba jambo lenye uzito huandikwa, na maandishi yasiyosomeka hayamsaidii mtu siku ya haja.

Amana ya upande wa akina mama

Tunaomba hapa wazazi wasikilize vizuri. Rekodi nyingi za arusi zina sehemu ya akina mama, wakiwa wamejipamba ndani, wakijua kwamba wanaoona ni wenzao. Diski hiyo ukiiacha dukani kwa siku mbili ili ihamishwe, nakala yake inabaki katika kompyuta ya dukani, na fundi si mtu wa nyumbani kwako. Kutoka hapo hadi kwenye simu za vijana ni hatua moja. Si kila fundi ana nia mbaya, lakini amana haijengwi juu ya dhana.

Kwa hiyo ikiwezekana kazi hii ifanywe nyumbani, na binti au mama ndiye ahamishe sehemu hizo. Ikilazimu kwenda dukani, kaa hapo mpaka imalizike, na hakikisha faili limefutwa mbele yako.

Namna ya kufanya

1. Tafuta kisomeo cha diski cha nje, kile kinachochomekwa kwenye kompyuta kwa waya wa USB. Familia tano au sita zinaweza kuchangia kimoja, au madrasa ikawa nacho na kuazimisha.

2. Diski ya DVD ukiifungua kwenye kompyuta utaona folda ya VIDEO_TS. Inakili nzima kama ilivyo. Kwenye VCD, picha ziko katika folda ya MPEGAV.

3. Baada ya hapo tengeneza nakala ya MP4 yenye muundo wa H.264, ambao husomwa na karibu kila simu na televisheni ya leo. Programu ya HandBrake hufanya kazi hiyo bure, na VLC, nayo ya bure, husoma karibu kila aina ya faili. Usifute ile nakala ya mwanzo, kwa maana kila kubana hupunguza ubora.

4. Kwa kanda za VHS, deki ya kurekodi bado ina manufaa. Unganisha deki ya kanda nayo kwa waya zile tatu, rekodi kwa kipimo cha saa mbili kwa diski ili picha isichafuke, ifunge diski, kisha fuata hatua za juu.

5. Fleshi ya gigabaiti 32 huchukua diski sita zilizojaa, na hadi diski ya nje ya gigabaiti 500 huchukua kama mia moja. Jihadhari na fleshi za bei ya kutupa sokoni zinazodai ukubwa zisizokuwa nao. Ijaze kwanza, ufungue faili la mwisho uone kama linacheza.

6. Weka nakala mbili katika nyumba mbili zilizo mbali. Moja ikae Munkunyu, nyingine kwa ndugu aliyeko Fort Portal au Kampala. Andika jina la tukio, mwaka, na majina ya wanaoonekana, maana mtoto hatawajua.

7. Kila baada ya miaka michache zifungue zote, na zihamishe tena kama miundo imebadilika. MP4 nayo haitadumu milele.

Wapo watakaosema umeme ni wa shida na kompyuta ni ghali. Ni kweli. Ndiyo maana tunashauri kazi ya pamoja: likizo ya shule ikifika, vijana wanaojua kompyuta wawekwe chini ya usimamizi wa wazazi, na kila familia ianze na diski moja tu, ile ambayo ikipotea italiliwa. Mkae na wazee mkiitazama, kwa sababu wao ndio wanaowajua waliomo. Diski inaweza kungoja mwaka mmoja zaidi. Mzee pengine hatangoja.

Wabillahi tawfiq.