Nani Amekuja?

Juzi, huku Kibosho, nilimwuliza mwanafunzi wa kidato cha nne maana ya inkisari. Alijibu kwa ufasaha: kufupisha neno ili mizani itoshe. Nikamwonyesha neno “mekuja” ndani ya ubeti, nikamwuliza ni nani aliyekuja. Akanyamaza.

Neno hilo limedondosha kiambishi cha nafsi. Mizani nne zimebaki tatu. Ni “nimekuja”, “umekuja” au “amekuja”? Jibu limo katika mishororo jirani, nayo hupatikana kwa kuusoma ubeti wote kwa sauti, tena na tena.

Kwa hiyo nashauri marudio ya mtihani yaanze na ubeti, si fasili. Walimu wenzangu, tusitenganishe sarufi na ushairi. Mtunzi mwenyewe hakuvitenganisha.