Mashini bila plake si ya kupandisha mutu

Leo nataka kusema juu ya kamotokari moja ambako hamujakaona mu Kolwezi wala mu Likasi: kako na mapine sita, kanapita mu potopoto, tena kanaingia mu maji na kuogelea. Musicheke. Mukisoma mpaka mwisho mutaona kwamba ile mambo ni yetu pia.

Mutoto wa mama yangu mudogo anaishi Canada, mu Ontario. Mwaka jana alinunua kamoja ku muzee wa kule. Kalikuwa kamelala miaka mingi mu banda ya nyasi kavu, kuku zinatagia ndani. Akanitumia picha ku telefone: "Yaya, wewe ulifanya mekanike ku mine. Nisaidie nikatengeneze, nipeleke watoto ku ziwa." Nikamujibu: "Kwanza tujue jina lake. Kushika vyombo ni kisha." Yeye akasema jina iko: muuzaji amemwambia ni Argo. Nikamuuliza: "Plake iko wapi?" Plake haikuwa. Kulikuwa tu matundu mane madogo, pahali riveti zilitoka.

Hapo njo kazi ilianza.

Ile aina ya mashini ilizaliwa mu miaka ya 1960, kule Canada na Marekani, kwa watu wa kuwinda, wa kuvua samaki, wenye mashamba ya majimaji. Ya kwanza kujulikana sana ni Jiger, ya Canada, ku mwanzo wa ile miaka. Kisha ikakuja Amphicat, ambayo watoto wa Marekani waliiona mu televizyo tangu 1968, mu programu The Banana Splits. Mu 1967, ku New Hamburg mu Ontario, kampuni Ontario Drive & Gear ilitoa Argo, na inatengeneza Argo mpaka leo. Kulikuwa tena Max ya Buffalo, kulikuwa Attex, na zingine mingi. Mu 1970 Honda ikaleta kapikipiki kake ka mapine matatu, US90, na watu wakaanza kukimbilia ile. Mu miaka ya 1970 makampuni mingi ya mapine sita yakafunga milango. Kampuni ikikufa, piyesi zinapotea, karatasi zinapotea, na mashini zinabakia kama yatima.

Sasa musikilize namna inavyofanya kazi, juu ninyi mafundi mutaipenda. Haina usukani kama kamio. Mapine ya mbele hayageuki. Ukitaka kwenda kushoto, unazuia mapine matatu ya kushoto, ya kuume yanaendelea kusukuma, na mashini inazunguka. Ni sawa na bulldozer yetu ya minyororo. Ndani, shene zinapeleka nguvu ku mapine yote sita. Mapine yenyewe ni manono na yana hewa kidogo sana, hivi hayazami mu potopoto, na mu maji yanapiga kama makasia. Mwili ni wa plastiki, kama bafu kubwa. Pahali kila ekse inatoboa ule mwili kutoka inje, kuna piyesi ya kuzuia maji. Moja tu ikiwa si ya saizi yake, maji inaingia polepole, wewe huoni, mpaka uko katikati ya ziwa.

Mudogo wangu alikuwa na ushahidi wake. Motere ilikuwa ya JLO, ya Ujerumani, namba inasomeka wazi. Akasema: "Nimetafuta, JLO iliwekwa mu hizi mashini. Basi ni Argo." Nikamwambia hapana. JLO iliwekwa mu aina mingi. Tena motere inatoka na kuingia. Namba ya motere inakuambia jina ya motere, haikuambii jina ya mashini. Kwetu kuna kamio yenye motere ya kamio ingine na gerbox ya ingine tena. Ukiisoma kwa motere tu, umejidanganya.

Tukaanza kuuliza mashini yenyewe. Rangi ya juu ilikuwa ya kijani, akakwangua chini ya kiti pahali rangi haikufika, akakuta rangi ya machungwa. Akapima kutoka ekse moja mpaka ingine, akaandika. Akahesabu meno ya gurudumu za shene. Akaona mwili ni vipande viwili, cha juu na cha chini, vimeungana pembeni pote. Kisha tukajaribu plastiki. Alitia tone moja ya asetone pahali pa kujificha. Plastiki ikalainika, ikanata ku kidole. Basi ni ABS, si polietileni, juu polietileni asetone haiifanyi kitu. Hii si mambo ya kuchezea. ABS iliyopasuka unaweza kuiunga kwa vipande vya ABS vilivyoyeyushwa mu asetone. Polietileni haikubali gundi, inaomba kuichomelea kwa moto. Fundi asiyejua anabandika kiraka, kinaonekana kizuri mu garaje, na kinabanduka mu maji.

Vile vipimo vyote na picha akavipeleka ku wazee wa kule wanaozipenda hizi mashini, wenye kuweka vitabu vya zamani vya kiwanda mu masanduku. Jibu likarudi: si Argo, ni Amphicat. Na ile ya kuzuia maji ku ekse, aliyokuwa amekwisha kuagiza kwa jina ya Argo, haikuwa saizi yake.

Sasa nirudi kwetu.

Kuna kampuni moja nilifanyamo kazi, sitaitaja. Walileta mashini ya kubeba mawe, ilikuwa imetumika pahali pengine. Walikuwa wameipiga rangi mpya, inangara. Plake hakuna, kitabu hakuna. Freni zilipoharibika, stoku ilitupatia piyesi "inayofanana". Sisi mafundi tulisema haiko yake. Kontremetri akasema: "Inaingia ao haiingii?" Iliingia. Tuliipiga nyundo kidogo, ikaingia. Siku ya tatu, ku mutelemuko, mwenzetu alikuwa chini anaweka kizuizi ku pine. Leo anatembea na fimbo, mutoto wake mukubwa ameacha masomo anauza makala. Mu raporo waliandika: kosa la mufanya kazi.

Mimi pia nilishika ile nyundo. Ninasema vile juu sitaki mutu afikiri niko nahukumu wengine tu. Tulijua, na tulinyamaza, juu ya kuogopa kupoteza kazi.

Wakubwa wanasema kusimamisha mashini ni hasara, kila saa ina bei yake. Ni kweli, mine bila uzalishaji hailipi mushahara. Lakini mutu moja mu Ontario, kwa kamotokari ka kuchezea ku ziwa, aligojea miezi mitatu kujua jina kabla ya kutia piyesi. Kampuni yenye kutoa shaba kila siku inashindwa kugojea siku mbili?

Tena kuna neno la wazee. Kule Canada, kilichookoa ile Amphicat si kompyuta. Ni wazee walioweka vitabu na kukumbuka. Kwetu, muzee aliyefanya miaka 30 ku garaje anajua kila mashini kwa sauti yake. Anapelekwa ku retrete, na hakuna mutu anayekaa naye hata wiki moja kuandika anachojua. Kisha tunalia piyesi haijulikani. Hakuna aliyeiba ile akili, sisi wenyewe tuliisindikiza mpaka ku mulango.

Sheria ya kazi ya 2002 inataka kampuni iwe na komite ya usalama. Basi wadelege wenzangu, tusikae mu ile komite kwa kunywa soda. Tuombe mambo matatu. Kwanza, mashini yoyote isiyo na plake isiingie kazini mpaka ijulikane kwa vipimo, na mafundi waandike jina yao chini. Pili, kila mashini iwe na kaye yake: piyesi gani iliingia, siku gani, nani aliiweka. Ile kaye ikae pahali mufanya kazi anaweza kuisoma, si mu biro ya mukubwa tu. Tatu, muzee anayekwenda ku retrete alipwe miezi ya kufundisha vijana mbele ya kutoka. Na wakisema pesa hakuna, tuwaonyeshe bei ya hospitali.

Na wewe shofere, fundi, ukipewa piyesi inayoomba nyundo, uliza ni ya mashini gani. Uliza mbele ya watu wawili. Si kiburi.

Amphicat ya mudogo wangu iko tayari sasa. Jumapili iliyopita aliiingiza mu maji yenye kufika ku magoti, yeye peke yake, na jile ya kuogelea. Alikaa mule saa moja, kisha akafungua sakafu kuangalia. Ilikuwa kavu. Watoto walikuwa ku kingo wanalia wanataka kupanda. Akawaambia wangoje Jumapili ingine, ataangalia tena.